Roboti Haioni, Katoni Ndiyo Inayosoma

Nianze kwa kukiri, maana makala hii inawasema watu na wa kwanza kusemwa ni mimi. Mwaka juzi niliandika habari yenye kichwa "Roboti Anaona: Wanafunzi Watengeneza Mashine Yenye Macho". Ilisomwa sana. Ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi mpaka shangazi yangu akanitumia mimi mwenyewe, bila kuangalia jina la mwandishi. Katika kichwa kile maneno ya kweli yalikuwa matatu tu: wanafunzi, watengeneza, mashine. Mengine niliyatoa mfukoni.

Yalikuwa maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari hapa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye feni mbili na watu kama mia tatu. Kwenye meza ya mwisho kabisa, ile wanayopewa waliochelewa kujiandikisha, alikuwepo msichana wa kidato cha tatu na wenzake wawili. Walikuwa na kigari cha ubao chenye magurudumu manne, betri, waya nje nje, na simu kuukuu iliyofungwa mbele kwa raba kama taa ya bodaboda. Mita chache mbele yao walipanga katoni tatu za biskuti. Unataja katoni unayoitaka, msichana anabonyeza, kigari kinageuka, kinatafuta, kinakwenda kusimama mbele ya katoni hiyohiyo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaandika kwenye daftari: anaona.

Nilishaanza kuondoka aliponiita. "Kaka, subiri kwanza." Kwenye kila katoni palibandikwa karatasi nyeupe ya ukubwa wa kiganja, yenye mraba mweusi na vimiraba ndani yake. Akaweka kidole gumba juu ya ukingo mweusi wa karatasi ya katoni namba mbili, halafu akamwambia mwenzake awashe. Kigari kikazunguka. Kikazunguka tena. Katoni ipo palepale, biskuti zimechorwa ubavuni kubwa kama sahani, jina la kiwanda limeandikwa kwa rangi nyekundu, na kigari kinaipita kama vile hakuna kitu. Akaondoa kidole, kikaenda moja kwa moja. "Si unaona?" akasema. "Ukiziba hapa, katoni haisomi."

Nilimsikia vizuri sana. Nikarudi ofisini nikaandika "anaona" vilevile, kwa sababu neno hilo linauza.

Sasa hebu tuiangalie ile karatasi, maana habari yenyewe ilikuwa pale. Wahandisi wanaiita AprilTag. Ilitoka kwenye maabara ya Edwin Olson, Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na makala yake ya kisayansi ilitoka 2011. Ina ndugu zake: ArUco ya Chuo Kikuu cha Córdoba, Hispania, na kabla ya hizo ARToolKit ya Mjapani Hirokazu Kato, ya mwaka 1999. Ukitaka kuielewa haraka, fikiria kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. AprilTag nayo ina pindo: ukingo mweusi wa pande zote nne, kazi yake ni kuiambia kamera kwamba nguo inaanzia hapa na inaishia hapa. Ndani ya pindo kuna mji: katika familia inayotumika sana, mji huo ni vimiraba 36, sita kwa sita, kila kimoja cheusi au cheupe. Na jina? Jina ni namba tu. Familia hiyo ina majina 587, kuanzia 0 hadi 586, nayo yamepangwa kwa namna ambayo ukichukua lebo mbili zozote, hata ukiigeuza moja kichwa chini, zitatofautiana kwa vimiraba visivyopungua 11. Ndiyo maana kivuli kikiharibu kimraba kimoja au viwili, programu haichanganyi namba 4 na namba 40. Lakini ukiziba pindo, kama alivyofanya yule binti, hakuna nguo tena.

Tazama kinachofanyika. Programu inatafuta umbo jeusi la pembe nne. Ikilipata inalinyoosha, inasoma weusi na weupe uliomo ndani, inalinganisha na orodha yake, inatoa namba. Kwa kuwa imeambiwa mapema kwamba lebo ina upana wa, tuseme, sentimita 10, inapiga hesabu ya udogo wa picha na jinsi ilivyopinda, na hapo inajua lebo iko umbali gani na imeelekea wapi. Basi. Kwamba namba 2 ni katoni ya biskuti, hilo halimo ndani ya kamera wala ndani ya lebo. Aliliandika msichana kwa mkono wake, mstari mmoja katika programu. Yeye ndiye aliyezipima karatasi kwa rula. Yeye ndiye aliyepiga picha nyingi za ubao wa miraba kama wa drafti, kwa pembe tofauti tofauti, ili programu iijue lenzi ya ile simu kuukuu. Yeye ndiye aliyebishana na mtu wa steshenari aliyedhani anachapishiwa kitenge cha mwanasesere. Kazi yote hiyo nikaivua kutoka mabegani mwake, nikakivika kigari.

Hilo ndilo linalonikera, na linanikera zaidi ninapoona bado tunaendelea nalo, magazetini, redioni, hata humu kwenye blogu za watu wanaojiita wapenzi wa lugha.

Kosa langu lilianzia kwenye kiambishi. Anaona. Hiyo a- ni ya mtu na mnyama. Hakuna anayesema "jokofu amegoma" wala "pasi ameungua". Jokofu limegoma, pasi imeungua, hata kama jokofu lenyewe linajizima na kujiwasha usiku kucha bila kuulizwa. Roboti ilipoingia magazetini tukaipa a- bila hata kikao. Tukaihamishia kwenye ngeli ya wenye roho. Mtu ataniambia hilo ni jambo dogo la sarufi. Katika lugha nyingine huenda. Kiswahili hakikuruhusu kutaja kitu kikitenda bila kwanza kuamua kama ni kitu au ni kiumbe, na mwandishi wa habari anafanya uamuzi huo mara ishirini kwa ukurasa. Mimi niliufanya bila kufikiri, na vichwa vya habari vya wenzangu vinaniambia siko peke yangu.

Cha kuchekesha ni kwamba mtaani jibu lilikuwepo siku zote. Mpelekee fundi simu wa Kariakoo simu isiyoshika mtandao. Hatakwambia simu haioni laini. Atakwambia "laini haisomi". Kwenye ATM, "kadi haisomi". Dukani ukijaribu kulipa kwa QR iliyochakaa kwenye kile kibao cha plastiki, "hiyo haisomi bosi, ngoja nikutajie namba". Angalia nani amekaa kwenye nafasi ya mtenda. Si simu, si ATM. Ni laini, ni kadi, ni kibao: kile kitu kilichobeba alama. Walimu wa sarufi wangetaka tuseme "haisomeki", sawa, lakini mtaa umeuweka mzigo mahali pake. Kitu kinasoma kwa sababu kuna mtu alikiandaa kisome. Mashine iko pembeni tu, kama mzani wa sokoni. Binti wa kidato cha tatu aliposema "katoni haisomi", alisema Kiswahili chenye ukweli zaidi kuliko changu cha gazetini, na mwenye shahada ni mimi.

Wasomaji wa blogu hii mnao ushahidi mwingine hapo kwenye rafu. Chukua riwaya yoyote iliyochapishwa karibuni, igeuze. Ile mistari meusi myembamba na minene kwa kawaida inaanza na 978. Kama mchapishaji ni wa Tanzania, baada ya hapo kuna uwezekano mkubwa utakuta 9987 au 9976. Kama ni wa Kenya, 9966. Bidhaa za kampuni zilizosajili namba zao Tanzania huanza na 620, za Kenya 616, lakini vitabu havina nchi kwa maana hiyo. Watu wa bakodi walivipa 978 kana kwamba vyote vimetoka kwenye nchi moja, na wakaibatiza nchi hiyo Bookland. (Nchi isiyo na bendera wala viza. Tungehamia wengi.) Asili ya namba hizo si ushairi hata kidogo. Ni ghala. Katika miaka ya 1960, wauza vitabu wakubwa wa Uingereza, WHSmith, walitaka ghala linaloendeshwa kwa kompyuta, na Gordon Foster, aliyekuja kuwa profesa wa Trinity College, Dublin, akabuni mfumo wa namba mwaka 1966. Ndio uliozaa ISBN. Januari 2007 tarakimu ziliongezwa kutoka 10 hadi 13 ili zilingane na bakodi.

Sasa niambieni. Mhudumu wa duka la vitabu anapopitisha riwaya mbele ya kile kitaa chekundu na mashine ikalia "pii", kuna aliyewahi kusema mashine imeisoma riwaya? Kuna aliyewahi kuiuliza imeuonaje mwisho wake? Kila mtu anajua kilichopatikana ni tarakimu 13, na ile ya mwisho ipo kwa ajili ya kukagua zile 12 za mbele. Ndani ya jalada, watu wanafunga ndoa na kufa, mashine haina habari. Lakini chukua mpango huohuo, kamera, kitu kilichobandikwa alama, namba inayotoka, uweke juu ya magurudumu, na ghafla tunaanza kuandika macho.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na lebo. Nazipenda, na tangu siku ya maonyesho yale nimezipenda kupita kiasi, kama mwenzangu nyumbani atakavyowathibitishia. QR ilibuniwa mwaka 1994 Japani, kampuni ya Denso, na kikundi cha Masahiro Hara, kwa ajili ya vipuri vya magari. Tatizo lao lilikuwa ile miraba mitatu ya kwenye kona: ilibidi kamera iitambue papo hapo na isiichanganye na maandishi mengine yoyote. Basi wakakaa na vipeperushi, magazeti, makatoni, wakipima weusi na weupe, kutafuta uwiano ambao hauonekani karibu kabisa katika vitu vilivyochapishwa. Wakaupata: 1:1:3:1:1. Yaani watu walipekua lundo la machapisho ili kupata kitu ambacho maandishi ya binadamu hayajawahi kukisema. Kama kuna kazi ya kifasihi kuliko hiyo, nionyesheni. Na tangu 2016 huko Muhanga, Rwanda, ndege zisizo na rubani za Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini, na wahudumu wameonyeshwa wakizikagua kabla hazijarushwa kwa kuelekeza simu kwenye alama zilizochapwa kwenye mabawa: programu inatikisa bawa, kamera inafuata alama, inathibitisha kwamba bawa limetii. Hapo lebo inaokoa maisha na hakuna aliyedanganywa.

Uongo unaanza pale tunapoifanya isionekane. Februari 2016 kampuni ya Boston Dynamics ilitoa video ya roboti yake Atlas, ile yenye miguu miwili, ikiinua maboksi na kuyapanga kwenye rafu. Ulimwengu mzima ulimjadili yule bwana aliyekuwa akilisukuma boksi kwa fimbo ya hoki na kuiangusha roboti yenyewe. Watu waliionea huruma, jamani, waliandika kwamba anaonewa. Maboksi yalikuwa na lebo za miraba meusi na meupe, kubwa, wazi kabisa. Haikufichwa. Sisi ndio hatukuitaka. Stika inaharibu hadithi, kama kuona uzi wa kikaragosi.

"Lakini hiyo ni sitiari tu," aliniambia rafiki yangu mmoja mwandishi nilipomsumbua na haya. "Jua linachomoza, saa inatembea, roboti inaona. Lugha inaishi kwa hayo." Hoja nzuri. Ila hakuna mtu anayempa jua zamu ya usiku kazini karibu na binadamu. Sitiari ya roboti ina watu wanaotembea ndani yake.

Twende kwenye maghala ya Amazon. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunua nyingine iitwayo Kiva kwa dola milioni 775. Roboti za Kiva ni mabati mafupi ya rangi ya chungwa yanayoingia chini ya rafu, yanaibeba na kuipeleka kwa mfanyakazi. Zinajuaje njia? Sakafu ilibandikwa stika, safu kwa safu, na roboti ina kamera inayotazama chini inayosoma stika moja baada ya nyingine. Kamera ya pili inatazama juu kusoma lebo iliyo chini ya rafu. Sakafu ndiyo ramani. Sasa mtu akiangusha kopo katikati ya uwanja ule na fundi akalazimika kuingia kuliokota? Binadamu hana stika. Mwanzoni ilibidi kwanza atenge kwenye kompyuta vipande vya sakafu atakavyopita, ili roboti zisipangiwe huko. Mwaka 2019 kampuni ikaeleza suluhisho jipya: vazi maalumu lenye vifaa vinavyotuma ishara, fundi anajifunga kiunoni na mabegani, roboti zikiipata ishara zinapunguza mwendo na kukwepa.

Vazi hilo ni jambo jema, sitaki fundi agongwe. Lakini litazame kwa jicho la yule binti. Mtu naye amebandikwa lebo ili asome. Bila vazi, ni katoni iliyozibwa kwa kidole gumba: ana uso, ana sauti, na mashine inapita. Mtu aliyelelewa na vichwa vya habari kama changu ataingia pale bila vazi, akiamini kwamba roboti "anaona".

Hapa nasikia wasomaji wangu wa kompyuta wakikohoa. Watasema nimechelewa, mambo ya stika ni ya zamani, mifumo mipya inatambua katoni, mbwa na mtoto bila kubandikwa chochote. Ni kweli, na nakubali kwamba mifumo hiyo inafanya jambo ambalo kigari cha maonyesho hakiwezi hata kuliota. Lakini ilifikaje hapo? Hazina ya picha iitwayo ImageNet, iliyotangazwa 2009 na kikundi cha Fei-Fei Li, ilifikisha zaidi ya picha milioni 14, na picha hizo zilitambulishwa na watu, makumi ya maelfu ya watu kutoka nchi zaidi ya mia moja, waliolipwa kidogo kidogo kupitia intaneti: huyu mbwa, hiki kikombe, hili basi. Leo kazi hiyo ipo Nairobi. Kuna vijana wenye digrii wanaokaa mbele ya skrini zamu nzima wakichora visanduku kuzunguka magari, baiskeli, watembea kwa miguu, fremu baada ya fremu, na kuandika kila kimoja ni nini.

Lebo haikuondoka. Ilihama kutoka kwenye katoni ikaenda kwenye picha ya katoni, na mkono uliozoea kuibandika ukahamia mahali ambapo mwandishi wa habari haalikwi. Kwenye maonyesho yale nilikuwa na bahati ambayo sikuistahili: aliyebandika alikuwa amesimama palepale, akaniita, akaweka kidole juu ya ukweli wenyewe. Wale wa Nairobi hawawezi kuziba kitu chochote kwa kidole ili ulimwengu uone mashine ikizunguka.

Kuna anayeuliza basi tuandikeje. Swali hilo halina ugumu unaodaiwa. Roboti inasoma lebo. Kamera imepata namba. Programu imekisia kuwa hiki ni kikombe. Kiswahili kina kutambua, kubaini, kukisia, kupima, kulinganisha, kubahatisha. Tunapewa ghala zima halafu tunang'ang'ania neno moja lenye kope. Na baada ya kitenzi, mtaje aliyeandaa. Sentensi yangu ya kwanza ingeweza kuwa: "Msichana wa kidato cha tatu amebandika alama kwenye katoni tatu na kuifundisha simu kuukuu kuzitofautisha." Nairudia sasa na inanipendeza kuliko ile niliyochapisha.

Mwezi uliopita nilimwandikia mhariri wangu wa zamani nikimwomba abadilishe kile kichwa, kwa kuwa habari bado ipo mtandaoni na bado inasomwa. Nilipendekeza "Roboti Inasoma Lebo Zilizobuniwa na Wanafunzi", halafu nikajirekebisha, maana hawakuzibuni, walizichapisha na kuzipima, nikatuma ujumbe wa pili. Akanijibu kwamba hakuna binadamu atakayebofya neno lebo. Tukavutana kwa siku mbili, kwa heshima. Mwishowe alikubali kubadili herufi moja. Ukitafuta leo utakuta imeandikwa "Roboti Inaona".